Sianzi Mpaka Niambiwe Nilipo

3 Machi

Leo nimeanza kazi mtaa wa Kisugu, hapa jijini, na kwa kuwa baba amekataa kusimuliwa chochote wakati wa taarifa ya habari ya redio, nitaandika.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna programu inaitwa Fikisha. Mama mjamzito akishikwa na uchungu, yeye au jirani anapiga namba fupi kwenye simu, anataja alipo, na ujumbe unawafikia madereva waliojiandikisha walio karibu naye. Wa kwanza kujibu ndiye anayempeleka hospitali. Tupo watatu tu, kwenye vyumba viwili juu ya duka la mabati. Madam Habibah ndiye mwenye kampuni. Anaongea haraka, na kila wiki yuko kwenye mkutano fulani wa hoteli. Nasif ndiye aliyeiandika Fikisha. Ni Mnubi wa makamo, mkimya, na anaitazama kompyuta yake kama mtu anayelinda chakula chake. Wa tatu ni mimi, Ajok.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho cha nyumbani. Baba, Saverio Ojera, alikuwa polisi, na sisi watoto wa kambi tuligombana na kupatana kwa Kiswahili, tuwe Waacholi, Walugbara au Wanubi. Chake bado ni cha kambi. Changu kimepitia darasani, naye husema naongea kama mtangazaji wa Dodoma.

5 Machi

Mvua ya kwanza. Umeme ulikatika, nikala njugu zangu gizani mchana.

10 Machi

Nimeaibika leo, ila si peke yangu.

Nilikuwa nimeibadilisha sehemu ndogo ya Fikisha kwenye kompyuta yangu, nikataka kuona kama inafanya kazi. Nikajaza jina la kubuni, "Mama Jaribio, Kisugu", nikabonyeza. Ikafanya kazi. Nikafurahi, nikaenda kuchemsha chai. Mvua ilikuwa inamwagika.

Mara mlango ukagongwa. Mwanamume mrefu amesimama pale, maji yanamchuruzika kutoka kwenye kofia.

"Nnyabo, mimi ni Faruk, dereva," akasema, akiniita bibi kwa Kiganda. "Nimepata meseji, nimekuja mbio. Nazunguka hii Kisugu yote, nauliza watu, wanasema hapana mama anaitwa Jaribio. Mama iko wapi?"

Nasif alinyanyuka, akamwomba radhi kwa Kinubi, akampa kitambaa cha kujifutia. Faruk alijifuta uso taratibu, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Siku ingine nikipata meseji nitafikiri ni mchezo." Hilo ndilo lililoniuma.

Alipoondoka nikamwuliza Nasif imewezekanaje kompyuta yangu kuwatumia ujumbe madereva wa kweli.

"Ukitaka kujaribu, kwanza unafungua faili ya tatu, unazima ule mstari wa kutuma. Ukimaliza unauwasha."

"Na nani anajua hilo?"

"Mimi."

11 Machi

Nimemwambia Madam Habibah kwamba kasoro haiko kwenye ule mstari, iko kwenye mazoea. Programu ni ileile moja, lakini inaishi mahali tofauti: kwangu inajaribiwa, kwenye seva inawahudumia watu, na huku tunakuita laivu. Kinachotofautisha ni mipangilio. Itumie orodha ipi ya madereva? Nenosiri lipi? Ujumbe uende kwa nani? Mambo hayo Nasif ameyaandika ndani kabisa ya programu, kama mtu aliyeshona anwani yake kwenye ngozi. Yanatakiwa yatoke, yakae nje, kila mahali pawe na mipangilio yake, na programu iulize inapoamka.

Nasif alikuwa anasikiliza huku amefumba macho. "Wewe Ajok, hii kitu inatembea miaka tatu. Kwa nini unaichokoza?"

"Kwa sababu ya Faruk," nikasema.

Madam alisema nifanye. Nasif hakunisemesha tena hadi jioni. Nadhani ananiona mtoto aliyekuja kupanga upya jikoni kwa mtu.

14 Machi

Mvua. Matope mpaka kwenye soksi.

19 Machi

Kila nikifungua faili nakuta siri nyingine. Nenosiri la seva limo katikati ya hesabu za umbali. Namba ya Madam Habibah imeandikwa mahali pawili, moja ni ya laini aliyokwisha kuitupa. Nimecheka peke yangu, Nasif akauliza nacheka nini. Nilipomwonyesha, naye akacheka kidogo, halafu akarudi kwenye kompyuta yake kama aliyejikuta amesahau ugomvi.

28 Machi

Nimemaliza! Mipangilio yote imetoka nje. Sasa tunayo pia simu ya majaribio, katochi, ile simu ndogo ya vitufe yenye tochi. Fikisha ikiwa kwenye majaribio, ujumbe wote unaingia kwenye katochi, haumfikii dereva yeyote.

Nasif alikuja kukagua. Alisoma kila mstari, akirudia mingine. Kisha akauliza, "Na kama mtu akisahau kuiambia iko wapi?"

"Itajihesabu iko kwenye majaribio," nikamjibu. "Bora inyamaze kuliko kumtoa mtu mvuani bure."

Alifikiri, akasema, "Sawa." Neno lake la kwanza la kukubali. Nimelibeba hadi nyumbani Luzira kama zawadi. Baba alikuwa amepika malakwang, mboga chungu ya kwetu Uacholini, na hata wakati wa taarifa ya habari aliniruhusu kuongea.

1 Aprili

Tumerudi kazini baada ya Idi. Nasif ameleta biskuti za mama yake. Nimekula nyingi kuliko adabu inavyoruhusu.

9 Aprili

Mvua kila alasiri. Fikisha ina kazi nyingi, maana bodaboda hawataki kubeba mtu kwenye maji. Rosalba, mkunga wa kliniki tunayoshirikiana nayo hapa Kisugu, alipita kutusalimia. Anasema anawapenda madereva wetu kwa sababu hawaulizi "mama, utaweza kusubiri kidogo?"

17 Aprili

Seva ya zamani imechoka. Nasif ameihamishia Fikisha kwenye seva mpya leo, maana kesho ni Ijumaa Kuu na mji utakuwa mtulivu. Imewaka mara moja, bila kulalamika. Tukapongezana. Madam akafunga ofisi mapema, tukaenda zetu.

20 Aprili

Pasaka. Misa, kuku, usingizi.

22 Aprili

Naandika nikiwa nimeoga na nimekula, kwa sababu baba amesema nisiguse kalamu kabla ya hapo.

Tulirudi ofisini leo asubuhi. Katochi ilikuwa kwenye droo, imeishiwa chaji tangu wiki iliyopita. Nikaiunganisha kwenye umeme, nikaendelea na yangu. Baadaye ikaanza kulia. Ikalia, ikalia tena, ujumbe baada ya ujumbe. Nikadhani Nasif anajaribu kitu. Nasif, kama alivyoniambia baadaye, akadhani ni mimi. Kila mmoja akamvumilia mwenzake kwa heshima. Laiti mmoja wetu angekuwa na adabu mbaya!

Alasiri mbingu zikafunguka. Si mvua ya kawaida. Mabati ya duka la chini yalikuwa yanapiga kelele mpaka ukitaka kusema neno lazima ulirudie. Tuliacha kazi, tukasimama dirishani na vikombe vyetu, tunatazama maji yanavyobeba takataka barabarani. Nyuma yetu katochi ikalia.

Nilimtazama Nasif. Mikono yake ilikuwa kwenye kikombe. Naye alikuwa anatazama yangu.

"Si wewe?" akauliza.

"Si mimi."

Nikaichukua simu. Ujumbe ulisema: Akidi, Kalerwe, nyuma ya soko, karibu na mtaro. Uchungu umeanza. Na namba ya simu.

Nikaipiga. Mwanamke alipokea, anahema. Nilimwuliza jina kwa Kiswahili, akajibu kwa Kiacholi, akilia kidogo, kwamba maji yameingia nyumbani, amekaa juu ya meza, amepiga namba fupi mapema, sasa ameirudia, na hakuna aliyekuja. "Wanakuja kweli?" akaniuliza.

Nikamwambia wanakuja. Nilikuwa sijui nani.

Nasif alikuwa ameshafika kwenye kompyuta. Alifungua seva mpya, nami nikauona uso wake ukibadilika. Mpangilio mmoja haukuwapo. Ule wa kwanza kabisa, unaoiambia Fikisha iko wapi. Aliusahau siku ya kuhama. Na Fikisha, kwa kuwa mimi nimeifundisha hivyo, haikuuliza wala haikulalamika. Ilijihesabu iko kwenye majaribio. Tangu Alhamisi ilikuwa inawapokea akina mama na kuiandikia katochi iliyokufa ndani ya droo.

"Naweka sasa," Nasif akasema. "Wewe piga simu kwa dereva mwenyewe, usingoje mashine."

Alinisomea namba za madereva wa upande ule. Wa kwanza hakupokea. Wa pili alikuwa amekwama, maji yamefika mlangoni mwa gari. Wa tatu alipokea, nikasikia mvua na makelele ya soko.

"Faruk hapa. Nashusha kabichi Kalerwe. Nani?"

"Ni Ajok wa Fikisha, Kisugu."

"Ajok wa Mama Jaribio?"

"Ndiyo. Kaka Faruk, safari hii ni mama wa kweli. Yuko nyuma ya soko, karibu na mtaro, maji yameingia ndani."

"Kweli kweli?"

"Nimeongea naye mwenyewe."

"Basi kabichi itangoja," akasema, na simu ikakatika.

Nikarudi kwa Akidi. Sikukata tena. Nilimwambia gari ni la rangi ya kijani, dereva ni mrefu. Nilimwuliza juu ya nyumbani kwao, akasema ni Pader, nikamwambia baba yangu naye ana shamba huko. Katikati ya sentensi alikuwa anasimama, anapumua kwa shida, halafu anarudi. Kisha nikasikia maji yanakanyagwa, na sauti ya Faruk: "Mama, shika shingo. Shika nguvu, usiogope mimi." Akambeba mgongoni.

Nilipoweka simu chini, Nasif alikuwa bado amesimama. "Imerudi laivu," akasema. Halafu akakaa kitako sakafuni, mtu mzima, mgongo kwenye ukuta. Nikakaa kando yake.

Madam Habibah aliingia kutoka mkutanoni na mwavuli uliovunjika, akatukuta hivyo. Tukamweleza. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba kosa ni la uamuzi wangu, lakini Nasif alinitangulia: "Mimi ndiye nilihamisha. Mimi nilisahau."

"Na mimi ndiye niliyeifundisha kunyamaza," nikasema.

Madam alivua viatu vilivyolowa. "Mtagawana kosa baadaye," akasema. "Nipe hiyo simu. Tunawapigia wote."

Tuliwapigia mmoja mmoja akina mama wote waliokuwa kwenye katochi. Wengi walipata njia nyingine: jirani, shemeji, bodaboda jasiri. Madam alijitambulisha kwa kila mmoja, akasema waziwazi kwamba kosa ni letu, hakusingizia mtandao. Nilimdhania mtu wa hoteli na hotuba. Leo nimemwona kwa macho mengine.

Mmoja tu hakupokea. Babra, wa njia ya Port Bell. Karibu kabisa na kwetu.

Rosalba amewauliza wakunga wenzake, akaniandikia jioni hii: Akidi amejifungua salama hospitalini, mtoto wa kike. Nililia, baba akazima redio.

23 Aprili

Nimempata Babra. Nimeuliza dukani, nikaonyeshwa. Nasif alisisitiza kuja nami, amevaa shati jeupe kama anayekwenda kuposa.

Babra ni binti wa umri wangu, anauza samaki wa kukaanga pale bandarini. Alitukaribisha bila kujua sisi ni akina nani. Mtoto amelala, wa kiume, amefunikwa shuka la manjano. Nasif akamweleza. Alieleza vizuri, bila kujitetea.

Babra alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Jumamosi nilitembea kwa mguu. Mvua ilikuwa juu yangu. Nilipiga hiyo namba yenu mara ya kwanza, mara ya pili. Nikasema, wananijia. Kama ningejua hamji, ningeita mke wa kaka yangu mapema. Nimezaa kwenye baraza ya duka, mwenye duka akashika kitambaa. Mtoto alipata baridi, tumetoka hospitali jana."

Hakupaza sauti. Laiti angepaza.

"Ninyi hamkunikosea kwa kutokuja," akaendelea. "Mlinikosea kwa kunifanya ningoje. Kama hamwezi, semeni hamwezi."

Nasif aliinamisha kichwa. "Umesema kweli, dada."

Aliturudishia maziwa tuliyomletea, halafu, tulipofika mlangoni, akayachukua tena. "Mtoto hana makosa," akasema.

24 Aprili

Nimeshinda nikiwaza neno la Babra. Kama hamwezi, semeni.

Nasif alikuja na wazo la kurudisha kila kitu ndani ya programu kama zamani. Nilidhani tutagombana, lakini alilisema bila nguvu, kama mtu anayejaribu kiatu anachojua hakimtoshi. Akanisimulia kwamba kazini kwake kwa kwanza mtu aliwahi kubadilisha faili ya mipangilio, mfumo ukalala, naye akafukuzwa kwa kosa lisilo lake. Ndiyo maana alishona kila kitu ndani. Kumbe mimi nilichoita ukaidi kilikuwa woga, na woga wenye sababu.

"Nilikosea kuiacha ijikisie," nikamwambia. "Isikisie upande wowote. Isiseme ni laivu, isiseme ni majaribio. Ikikosa mpangilio, ikatae kuamka."

"Ikatae kabisa?"

"Ikatae na iseme kwa nini."

Alitabasamu. "Kama alivyosema yule dada."

29 Aprili

Kazi ya siku zote hizi, mimi na Nasif kwenye meza moja. Fikisha sasa inasoma mipangilio yote kabla ya kufanya lolote. Ikikosa mmoja, inasimama palepale na kuutaja kwa jina. Manenosiri yanakaa peke yake, mahali palipofungwa. Mfano wa mipangilio, usio na siri yoyote, unakaa pamoja na programu ili mgeni ajue kinachotakiwa. Na kila asubuhi, kabla hatujanywa chai, Rosalba anapata ujumbe kutoka laivu, anajibu "nimepata". Asipojibu, tunamtafuta.

Ujumbe wa kukataa ameuandika Nasif mwenyewe, kwa Kiswahili: *Sianzi mpaka niambiwe nilipo.*

Nikamwambia ni Kiswahili kizuri. "Wewe mtangazaji," akajibu.

6 Mei

Hakuna la ajabu. Mvua nyepesi, kazi nyepesi. Rosalba alijibu "nimepata" na picha ya chapati yake.

15 Mei

Faruk alipita ofisini na kabichi tatu. Anasema Akidi amehamia kwa dada yake, mbali na mtaro. Madam Habibah alimwomba awasimulie madereva wapya namna ya kumbeba mtu kwenye maji. "Hapana kusimulia," akasema Faruk. "Unakunja suruali, unaenda."

Nimemtumia Babra ujumbe kumwuliza hali ya mtoto. Amejibu, mara ya kwanza: "Anakohoa kidogo tu. Ananyonya sana." Sijui kama ametusamehe, na sidhani ni haki yangu kuuliza.

21 Mei

Habari kubwa! Hospitali moja ya Gulu, kaskazini huko Uacholini, inataka Fikisha. Baba amefurahi kuliko mimi. Ujumbe wa huko utakuwa kwa Kiacholi, na amejitolea kuutafsiri. Tumebishana neno moja mpaka ugali ukapoa.

30 Mei

Nasif yuko Gulu tangu jana. Mimi nimebaki Kisugu. Leo jua limewaka tangu asubuhi, barabara imekauka, na mwenye duka la chini amepanga mabati nje yanang'aa hadi yanaumiza macho.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemenya kiazi changu cha mchana, simu ikaita.

"Ajok!" Nasif anapiga kelele, yeye ambaye huongea kama anayeogopa kumwamsha mtoto. "Imekataa! Nimeiwasha hapa Gulu, imekataa!"

Madam Habibah aliinua kichwa kwa hofu. Mimi nilikuwa nimesimama, nacheka.

"Inasema nini?"

"Inasema haianzi. Inasema nimesahau lugha, sijaiambia itumie lugha gani. Imenitajia jina kabisa!"

"Basi iambie."

Nikasikia vitufe vyake, nikasikia wauguzi wa huko wakiuliza kuna nini, naye akiwajibu kwa Kiswahili chake cha Bombo, mji wa Wanubi, kwamba hapana shida, kazi inaenda vizuri. Ikawaka. Tukangoja. Kabla sijamaliza kiazi changu, ombi la kwanza likaingia kutoka kijijini, mama na jina lake na mahali pake, na muda mfupi baadaye dereva mmoja akajibu kwa Kiacholi kwamba anakuja.

Nilimpigia baba kumsomea ombi hilo na jibu lake. Akaniambia neno alilolipigania ndilo limetumika, nikakubali ameshinda. Kisha nikamaliza kiazi, kilikuwa bado cha moto.